Hewa ukaa: kuinasa, kuihifadhi na kuitumia tena

Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo mti umeichukua hewani. Gogo kavu la kilo 100 katika misitu ya miombo ya Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, lina kilo 50 hivi za kaboni, sawa na kilo 183 za hewa ukaa iliyoondolewa angani. Uzito unazidi kwa kuwa kila chembe ya kaboni inapoungua hushikana na chembe mbili za oksijeni. Gogo likichomwa, gesi yote hurudi ilikotoka.

Mti ni mtego wa kale wa gesi hii. Mitego ya kisasa ni ya aina mbili. Mmoja hufungwa kwenye bomba la kiwanda: moshi hupitishwa kwenye kimiminika cha kemikali kinachoshika hewa ukaa, kisha kimiminika hupashwa moto na kuiachia ikiwa safi. Mwingine huchuja hewa ya kawaida, ambamo gesi hii sasa imepita sehemu 420 katika kila milioni, kutoka 280 hivi kabla ya zama za viwanda. Kwa kuwa ni kidogo, kuichuja hula nishati nyingi. Nchini Kenya, kampuni ya Octavia Carbon inatengeneza mitambo ya namna hiyo, ikitegemea joto la ardhini la Bonde la Ufa.

Gesi ikishanaswa hutafutiwa pa kukaa. Norwei imekuwa ikiizika chini ya Bahari ya Kaskazini, katika eneo la Sleipner, tangu 1996. Aisilandi huiyeyusha kwenye maji na kuisukuma ndani ya miamba ya volkano, ambako sehemu kubwa hugeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Huko Oman, kampuni ya 44.01 hufanya kazi kama hiyo kwenye miamba yenye magnesi nyingi.

Miamba ya jamii hiyo ipo pia Ngara, kwenye amana ya nikeli ya Kabanga. Huko Australia Magharibi, mabaki ya mgodi wa nikeli wa Mount Keith hufyonza hewa ukaa yenyewe yakiwa yametandazwa juani. Lakini mtu asikimbilie kusema Kabanga itafanya vivyo hivyo: mashapo yake yana salfa nyingi, na mabaki ya aina hiyo yakikutana na maji na hewa hutoa asidi. Mradi wa Kabanga umepangwa kwa ajili ya nikeli, shaba na kobalti.

Matumizi ya gesi hii ni mengi: soda, vizima moto, mbolea ya urea. Wilayani Rungwe, kampuni ya TOL Gases huivuna inakotoka ardhini na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Hiyo ni biashara halali, ila haipunguzi kitu angani, kwani chupa ikifunguliwa gesi huishia hewani.

Kwa Ngara na Biharamulo, basi, ghala kubwa ni msitu uliosimama, nalo limewahi kutikiswa. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara wakikimbia vita vya Rwanda. Walihitaji kuni na miti ya kujengea, na vilima vya kuzunguka kambi yao ya Benaco vikabaki vipara. Leo mzigo ni mkaa. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni, na sehemu kubwa ya kaboni hupotea na moshi kabla gunia halijafika barabarani.

Hatua za ulinzi nazo zipo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni, zinazowezesha vijiji vyenye misitu kulipwa kwa kuitunza. Mitambo ya kunasa hewa ukaa bado ni ghali. Jiko banifu na msitu wa kijiji wenye mipaka inayoheshimiwa viko ndani ya uwezo wa wilaya hizi tangu sasa.