Kiuno, Umri na Kolesteroli: Suruali Yako Inakudanganya?

Wakazi wengi wa Bura wakisikia neno kolesteroli humfikiria mtu mnene wa mjini. Mwanamume anayepanda mlima kila siku huona hayamhusu. Lakini kolesteroli ikizidi haileti homa wala maumivu. Mtu huijua kwa kupimwa damu, au siku anapopatwa na kiharusi.

Kolesteroli nyingi hutengenezwa na ini lenyewe. Umri unaposonga, ini huwa zito kuiondoa kwenye damu. Kwa akina mama huongezeka baada ya hedhi kukoma, hata kama chakula ni kile kile.

Unene nao una njia yake. Juu ya jeni zetu hukaa alama ndogo za kikemikali zinazoongeza au kupunguza utendaji wa jeni bila kuibadilisha. Hali hiyo huitwa methilesheni. Jeni iitwayo ABCG1, kwa mfano, husaidia seli kutoa kolesteroli iliyozidi, na kwa watu wanene mara nyingi hupatikana ikiwa na alama nyingi zaidi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, kwa sehemu kubwa, uzito hutangulia na alama hufuata. Kwa hivyo anayesema "haya ni ya ukoo" bado ana la kufanya.

Sasa kiuno. Kiwango cha hatari kilichozoeleka ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, lakini kilitokana na takwimu za Ulaya. Watafiti walipochambua vipimo vya zaidi ya watu 24,000 kusini mwa Sahara, walipata takriban 81 kwa wote, wanaume kwa wanawake. Suruali ya saizi 34 ni kama sentimita 86, na wengi huifungia chini ya tumbo!

Tumia utepe wa fundi cherehani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani.

Kimanga chetu hakina kosa, maana maharagwe husaidia kushusha kolesteroli. Punguza mafuta ya kukaangia, hasa yale yanayoganda sufuriani. Ukiwa umepita miaka 40 na kiuno kimezidi 81, mwombe mhudumu wa kituo cha afya akuelekeze mahali pa kupima damu. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu tu unajisikia vizuri.