Simu Ileile, Faida Tofauti

Mwaka 2023 watafiti kutoka vyuo vikuu vya Marekani, vikiwemo Berkeley na Harvard, waliwapa wenye biashara ndogo nchini Kenya mshauri asiyelala. Alikaa ndani ya WhatsApp, akiendeshwa na akili mnemba ya GPT-4. Ukimuuliza saa sita za usiku kwa nini wateja wamepungua, anakujibu papo hapo, bila kukudai nauli wala chai. Walioshiriki walikuwa 640. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa mshauri huyo, wengine wakabaki na mwongozo wa kawaida wa biashara. Kisha watafiti wakafuatilia mauzo na faida kwa miezi kadhaa.

Ukichukua wastani wa wote, hakuna kilichobadilika. Angeishia hapo mtu mwenye haraka, angesema akili mnemba haina msaada kwa mchuuzi wa Kenya. Lakini watafiti waliuvunja wastani huo wakaona umeficha mambo mawili yanayovutana. Wale ambao biashara zao zilikuwa zikifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa zaidi kidogo ya 15%. Wale waliokuwa nyuma walishuka kwa takriban 8%. Kupanda kwa hawa kulifutwa na kuporomoka kwa wale, na hesabu ikasoma sifuri.

Matokeo haya yanapaswa kumkosesha usingizi kila anayepanga mafunzo ya mageuzi ya kidijitali katika nchi zetu. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba kinachomkwamisha mjasiriamali ni kukosa chombo: mpe simu, mpe programu ya hesabu, mpe ukurasa wa kuuzia mtandaoni, naye atapaa. Hapa watu walipewa chombo kilekile, na baadhi yao kikawaumiza.

Kwa nini? Mshauri yule hakuwapendelea wenye uwezo na kuwapotosha wengine. Kama washauri wengi, alimwaga orodha: punguza bei, tangaza zaidi, boresha huduma, tafuta njia nyingine ya umeme unapokatika. Tofauti ilizuka kwenye kuchagua. Waliokuwa nyuma walielekea kuchukua ushauri wa jumla, ule wa kushusha bei na kuongeza matangazo. Waliokuwa mbele walichambua, wakachukua lililogusa tatizo lao wenyewe. Mfikirie mama lishe ambaye wali unamwishia saa saba mchana huku wateja wangali wanakuja. Huyo hana tatizo la bei. Akishusha bei kwa kuwa simu imemwambia, sufuria itaisha saa sita na nusu, naye atarudi nyumbani na pesa pungufu. Anachohitaji ni sufuria ya pili, au bei ya juu kidogo, na kulijua hilo kunahitaji awe ameangalia kwa makini ni saa ngapi chakula kinaisha na nani anaondoka bila kula.

Kwa hiyo swali zito ni kama uwezo huo wa kuchambua na kuchagua unafundishika, au ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho. Jibu zuri kuliko yote ninayoyafahamu limetoka Togo.

Mwaka 2014 watafiti wakiwemo David McKenzie wa Benki ya Dunia na mwanasaikolojia Mjerumani Michael Frese waliwachukua wafanyabiashara wadogo 1,500 wa jijini Lomé na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya watu 500. Kundi la kwanza halikufundishwa chochote. La pili lilipata mafunzo tuliyoyazoea: kuweka daftari la mauzo, masoko, usimamizi wa wafanyakazi. La tatu lilifundishwa kujiongeza. Hawa walizoezwa kuanza jambo bila kungoja kuambiwa, kutazama mbali kuliko wiki hii, kuona fursa ambayo jirani wa kibanda cha pili hajaiona, na kutokata tamaa njia ya kwanza inapoziba. Yote haya yalitokana na utafiti wa saikolojia ambao Frese alikuwa ameufanya kwa miaka mingi. Makundi yote mawili yaliyofundishwa yalipata muda uleule: saa 36 za darasani katika wiki nne, kisha mwalimu akamtembelea kila mmoja kwenye biashara yake mara moja kwa mwezi kwa miezi minne.

Wafanyabiashara wale walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili, na ripoti ikachapishwa katika jarida la Science mwaka 2017. Faida ya waliofundishwa kujiongeza ilipanda kwa 30%. Ya waliofundishwa kwa njia ya kawaida ilipanda kwa 11%, kiwango ambacho kitakwimu hakiwezi kutofautishwa na bahati tu. Kwa wanawake pengo lilikuwa kubwa zaidi: kujiongeza kuliwaletea nyongeza ya faida ya 40%, mafunzo ya kawaida 5%.

Mmoja wa washiriki alikuwa mwanamke aliyekodisha magauni ya harusi, kama walivyofanya wenzake wengi sokoni. Baada ya mafunzo alianza kuwadadisi wateja wake: ukishapata gauni, unahangaika kutafuta nini kingine? Akaanza kuuza vitu vinavyoandamana na gauni, kama shela, glovu na mikufu. Hakuna teknolojia hapo, ila ni ubunifu wa biashara kwa maana yake kamili, na ndio uliokosekana kwa wale wa Kenya waliochukua ushauri wa jumla kwenye orodha ya mshauri wa WhatsApp.

Takwimu ile ya wanawake wa Lomé inanigusa kwa sababu tunajua hali ilivyokuwa kwetu. Jijini Dar es Salaam, wateja wa taasisi ya mikopo ya PRIDE waliwahi kupewa mafunzo ya biashara ya vipindi 21, yakifundishwa na wataalamu wa ujasiriamali wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadhi walipewa pia ruzuku ya fedha. Utafiti wa wanauchumi wa Norway ulionyesha kwamba wanaume walinufaika waziwazi, hasa waliopata mafunzo na fedha kwa pamoja. Kwa wanawake athari ilikuwa hafifu. Majukumu ya nyumbani yana sehemu yake katika hilo, na hakuna semina inayoyaondoa. Hata hivyo Togo inatuonyesha kwamba hata maudhui ya somo yana uzito: mwanamke aliyefundishwa kutafuta njia alifika mbali kuliko yule aliyefundishwa kujaza daftari.

Sisemi daftari halina kazi. Ushahidi wa kinyume upo, tena mzito. Kwenye viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake waliwaleta washauri katika kampuni ambazo sakafu zake zilijaa takataka na akiba ya nyuzi ilirundikwa bila kumbukumbu. Washauri walisimamia taratibu 38 za kawaida kabisa: kuandika hitilafu za kila siku, kuzijadili asubuhi, kupanga stoo, kufanya matengenezo kabla mashine haijagoma. Tija ilipanda kwa 17% mwaka wa kwanza. Kinachonivutia zaidi katika ripoti yao ni jambo la pembeni: matumizi ya kompyuta yaliongezeka viwandani humo baada ya taratibu hizo kuingia. Mameneja walianza kwanza kuzitaka takwimu, ndipo wakaihitaji mashine ya kuzichakata. Kampuni nyingi zinakwenda kinyumenyume: zinanunua mfumo ghali, kisha zinatafuta mtu wa kuutafutia kazi.

Na mfano wa Afrika Mashariki unaojulikana kuliko yote ulianzia hapo hapo, kwenye kuangalia. M-Pesa haikubuniwa ili watu watumiane pesa. Jaribio lake la Oktoba 2005, lililogusa Thika na sehemu za Nairobi, lilihusu wakopaji wa taasisi ya Faulu. Wazo lilikuwa walipe mikopo kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi chao. Wateja walikuwa chini ya 500, na mawakala wanane. Nick Hughes na Susie Lonie, waliousimamia mradi kwa niaba ya Vodafone na Safaricom, walikuta kwamba watu hawafuati ramani. Wengine walilipana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya biashara. Wengine waliweka pesa Thika, wakapanda gari, wakazitoa Nairobi ili wasiibiwe njiani. Wenye biashara kubwa kidogo waliweka mauzo ya jioni kwenye simu kwa kuwa benki ilikuwa imeshafunga. Na wengine waliwanunulia ndugu zao wa kijijini muda wa maongezi kama njia ya kuwatumia pesa.

Meneja wa kawaida angeziita hizo tabia matumizi mabaya ya mfumo na angetoa waraka wa kuzikataza. Tena mfumo wenyewe haukuenda sawa na hesabu za Faulu, kwa hiyo sababu ya kuufunga ilikuwepo. Wao waliiacha biashara ya mikopo waliyotumwa kuijaribu, wakashika ile waliyofundishwa na wateja. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa kwa wito mwepesi wa kutuma pesa nyumbani. Miaka tisa baadaye, wanauchumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria kwamba huduma za fedha kwa simu zimezitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 wamehama kutoka kilimo na kufanya biashara kuwa kazi yao kuu.

Kozi za kidijitali zinazotangazwa leo kuanzia Mombasa hadi Mwanza hufundisha mambo ya kubofya: namna ya kufungua ukurasa, kulipia tangazo, kuendesha programu ya stoo. Yanafaa, na kijana anaweza kuyajua kwa siku chache. Ugumu uko kwenye kumzoeza mtu kukaa na biashara yake mwenyewe kwa jicho la mgeni, na hilo halimaliziki ukumbini kwa siku mbili na cheti cha ushiriki. Lomé walilipia mwalimu wa kwenda dukani kwa mtu, kukaa naye, kumuuliza amejaribu nini tangu walipoonana na nini kimegoma. Mafunzo yale yaligharimu takriban dola 750 kwa kila mshiriki. Ni pesa nyingi kwa mradi wowote wa serikali au wafadhili, na wapangaji bajeti watashika kalamu nyekundu wakiziona. Nyongeza ya faida waliyoipata washiriki ilizirudisha zote ndani ya mwaka mmoja.