Ng'ombe Anaposhuka Ziwani



Kuna jambo linalorudi kila mwaka hapa Rumonge, na kila mwaka linaacha ugomvi mtaani. Mfanyakazi wa michikichi anajinyima, anaweka akiba yake ya msimu wa mawese, kisha anapanda juu Bututsi au Mugamba, ambako ng'ombe ni wengi na wanapendeza macho. Ananunua mtamba. Anashuka naye mpaka ziwani, watoto wanampokea kwa shangwe. Wiki ya tatu au ya nne mtamba amekufa. Ng'ombe wa jirani, aliyezaliwa papa hapa, anakula majani yaleyale, anakunywa maji yaleyale, na mzima kabisa. Basi maneno yanaanza: jirani ana jicho, jirani ametia sumu, jirani ameona wivu.

Tunataka kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu fedha iliyopotea pale ni jasho la mwaka mzima, na kwa sababu watu waliofanya kazi bega kwa bega shambani wamefika mahali pa kutosalimiana. Jirani hana kosa. Aliyeua ni kupe.

Ugonjwa wenyewe unaitwa ndigana kali. Unaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye wataalamu wamempa jina la Theileria parva, na anayembeba ni kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa ndani ya masikio ya ng'ombe. Kupe huyu anapenda joto la kiasi na majani. Juu milimani, sehemu zinazopita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi haimpi nafasi ya kustawi. Huku kwetu Imbo ziwa liko kwenye mita 770 hivi, na kutoka hapo kupanda mpaka kwenye miteremko ya Mirwa anapata mahali pa kuishi.

Sasa tazameni. Ndama anayezaliwa huku anaumwa na kupe tangu siku zake za kwanza. Wengine hufa, na wafugaji wa zamani wanaijua hesabu hiyo ya ndama. Wanaopona hubaki na kinga mwilini, na wanaendelea kubeba wadudu wale kidogo kidogo bila kuumwa. Kupe wadogo wakiwanyonya, wanauchukua ugonjwa. Wakikua na kumpanda ng'ombe mwingine, wanaushusha kwake. Ng'ombe wa mlimani hajawahi kukutana na adui huyu. Anashuka mtu mzima, mnene, maziwa tele, na damu yake haijui lolote. Ndiyo maana wa jirani anapona na wako anakufa, hata kama wanakula pamoja. Ng'ombe wa kisasa wa maziwa, wale weusi na weupe wenye asili ya Ulaya, yuko katika hatari hiyohiyo, na pengine zaidi.

Dalili si za kificho. Baada ya wiki moja mpaka tatu tangu kuumwa na kupe mwenye ugonjwa, ng'ombe hushikwa na homa kali. Mtoki ulio chini ya sikio unavimba, kisha ule wa mbele ya bega. Anaacha kula, maziwa yanakatika. Halafu inakuja pumzi: anahema kwa nguvu, anakohoa, na mwishoni povu linatoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Akifika kwenye povu, usitoe tena fedha yako kwa dawa.

Na hapa tuseme kidogo juu ya dawa, maana watu wanaibiwa. Mnyama akishaanza kuhema, mwenye mali anakimbia dukani, anauziwa chupa ya tetrasaiklini, anachoma sindano mwenyewe, ng'ombe anakufa, kisha analaumu sindano. Tetrasaiklini haiponyi ndigana kali iliyokwisha pamba moto. Dawa inayoponya ipo, inaitwa buparvakwoni, nayo si rahisi kwa mfuko wa mkata vichala. Na inafaa ikitolewa mapema, siku za homa na mtoki. Kwa hiyo kidole kinachopapasa chini ya sikio kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kina thamani kuliko chupa tatu za dukani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawajaambiwa. Kupe akimshika ng'ombe leo, hatoi ugonjwa leo. Wadudu walio mwilini mwake huhitaji kukomaa kwanza wakati anaponyonya, na kwa kawaida zinapita siku tatu au nne kabla hajaanza kuwamwaga kwa wingi. Maana yake ni kwamba mtoto wa nyumbani anayekagua masikio ya ng'ombe na kung'oa kupe kila siku, akawatia motoni, anafanya kazi ya kweli. Dawa ya kuogesha ni lazima pia, lakini ichanganywe kama karatasi ya chupa inavyosema. Kuongeza maji ili chupa ifike mwezi wa pili ni kuwafundisha kupe kuizoea dawa.

Tunajua mtauliza juu ya zizi. Sheria ya Oktoba 2018 iliamuru mifugo ifugwe ndani na ikakataza kuiacha izurure, ikatoa miaka mitatu ya kujitayarisha, na muda huo ukaisha Oktoba 2021. Ng'ombe wa zizini anapata kupe wachache kuliko wa malishoni, hilo ni kweli. Lakini kupe anaweza kuingia na mzigo wa majani yaliyokatwa porini, ng'ombe akalishwa ugonjwa mlangoni kwake. Na tusisahau nani anayekata majani hayo: baba yuko shambani au kwenye kinu cha mawese tangu alfajiri, mzigo uko kichwani mwa mama na watoto.

Ndigana si adui pekee. Pwani hii ya Tanganyika ina historia yake ya mbung'o: mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliwapiga watu wa ufuoni vibaya sana, wakati wa Wajerumani, na vijiji vikahama. Ndugu wa ugonjwa huo kwa ng'ombe ni nagana, unaomkondesha mnyama polepole mpaka anabaki mifupa. Mahali penye maji yaliyotuama kuna minyoo bapa ya ini, na tangu ziwa lilipofurika miaka ya 2020 mpaka 2024 maeneo ya maji ya namna hiyo yaliongezeka ufuoni. Hayo tutayaandikia siku nyingine. Leo tunataka kufika machinjioni.

Waislamu wa Rumonge hawali kibudu, na Wakristo wengi nao hawataki nyama ya mnyama aliyejifia. Lakini mchuuzi mjanja anajua njia. Anasikia ng'ombe wa fulani yu taabani, anakuja usiku na bei ya kutupa, anamchinja mnyama akiwa bado na pumzi mbili, na asubuhi nyama iko kwenye ndoano kama nyama nyingine yoyote. Kisu kimepita shingoni, basi watu wanaridhika. Ugonjwa haujali kisu kimepita saa ngapi.

Kwa ndigana kali, mlaji hana la kuogopa, kwani ugonjwa huo hauingii kwa binadamu. Hatari iko kwa ng'ombe aliyekufa kwa jambo jingine ambalo mchuuzi hakutaka kulijua. Kimeta huua ghafla: jioni mzima, asubuhi amelala, tumbo limefura, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi kamwe. Ukiupasua, unamwaga ardhini mbegu za ugonjwa zinazoweza kuishi udongoni miaka mingi, na anayeushika anaweza kupata kidonda chenye kigaga cheusi, au jambo baya zaidi ikiwa amekula au amevuta pumzi. Uchomwe moto, au ufukiwe chini kabisa, usiache mbwa wakafukua.

Kisha kuna homa ya Bonde la Ufa. Wataalamu waliieleza kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1931, na mwaka 2007 iliua watu zaidi ya 100 nchini Tanzania. Mwaka 2022 ikabisha hodi Burundi: ng'ombe walitupa mimba, mamia wakafa, serikali ikakataza kuhamisha mifugo, kuchinja na kuuza nyama, halafu chanjo ikaanza. Mbu huieneza kati ya wanyama. Binadamu huipata zaidi kwa kugusa damu, kondo na mimba iliyotupwa. Kwa hiyo wa kwanza kuumia ni mchinjaji, mchunaji ngozi, mbeba nyama, na mama aliyeingiza mikono mitupu kumsaidia ng'ombe kuzaa. Wengi wa hao ni vibarua wa siku, wasio na kadi wala bima. Akishikwa na homa anaambiwa ni malaria, anameza vidonge, anarudi kazini. Homa inayokuja na kuondoka kwa miezi kwa mtu anayechinja au anayekunywa maziwa mabichi inaweza vilevile kuwa brusela, ugonjwa uleule unaomfanya ng'ombe atupe mimba. Mwambie daktari kazi unayoifanya, asipoijua hataupima.

Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, umeweka katika kifungu chake cha 14 kwamba hatari za maambukizo zizuiwe au zipunguzwe, na kwamba kazi zinazohusu mifugo zifuate kanuni za afya. Glavu, mabuti, aproni na maji ya sabuni si zawadi ya tajiri. Mwenye machinjio anayempa kibarua kisu na asimpe mabuti anaweka faida yake juu ya ngozi ya mtu mwingine.

Wako watakaosema magonjwa ya ng'ombe hayana mwisho. Sotoka ilisemwa hivyohivyo. Miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki yote, Burundi ikiwamo, na njaa ikafuata. Baadaye Walter Plowright na wenzake, pale Muguga nchini Kenya, wakatengeneza chanjo imara, serikali zikapeleka wachanjaji kijiji kwa kijiji kwa miongo mizima, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Hakuna mfugaji mmoja aliyeimaliza kwa mfuko wake.

Muguga hiyohiyo ndiko ilikotoka, miaka ya 1970, chanjo ya ndigana kali. Mnyama anachomwa wadudu hai waliopimwa, na siku hiyohiyo anachomwa tetrasaiklini ya kudumu. Hapo ndipo dawa hiyo inapofanya kazi yake. Mara moja tu, na kinga inakaa miaka mingi. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wamewachanja ndama wao kwa wingi. Ugumu ni huu: chanjo inatunzwa katika mtungi wenye baridi kali mno, inafungwa kwa dozi 30 au 40 pamoja, na ikishayeyushwa lazima imalizike siku ileile. Mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuinunua peke yake.

Lakini kambi moja ya wafanyakazi ikiandikisha ng'ombe wake na ndama wote, hesabu ya 40 haiko mbali. Kwa hiyo tunaomba kila tawi la michikichi, kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, liandike orodha kabla ya mkutano ujao: jina la mwenye mnyama, umri wa mnyama, amezaliwa ziwani au ameshuka kutoka mlimani. Orodha hizo zitapelekwa kwa waganga wa mifugo wa tarafa, pamoja na ombi la chanjo la pamoja. Aliye na mpango wa kupanda Bututsi kununua mtamba msimu huu, na asubiri mpaka ombi lijibiwe.