Siri ya mgonjwa: nani anapashwa kujua, na nani hapana?

Mama mmoja anatoka kwenye kituo cha afya, fishi yake mkononi. Kabla hajafika nyumbani, ku robine watu wameshaanza kunong'ona: «Ule mama iko na ile ugonjwa.» Mwezi unaofuata harudi tena kuchukua dawa. Visa kama hivi njo vinafanya watu waogope kujipimisha.

Sheria ya Kongo iko wazi. Kifungu cha 73 cha Code pénal kinaadhibu mtu aliyepewa siri kwa ajili ya kazi yake kisha akaitoa: kifungo cha mwezi 1 mpaka miezi 6 na amande, ao moja tu ya adhabu hizo. Si munganga peke yake. Muuguzi na mtu wa laboratwari pia. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 nayo inalinda watu wanaoishi na virusi vya Sida: kipimo ni kwa hiari na matokeo ni siri.

Lakini kuchunga siri si kunyamaza kila mahali. Muuguzi akimtuma mgonjwa hospitali kuu, anapashwa kuandika ugonjwa aliouona na dawa alizotoa. Bila hiyo, kule wanaweza kumpa dawa zisizopatana. Swali ni moja tu: je, huyu anayeambiwa anahitaji habari hii ili amtunze mgonjwa? RECO anayefuata watoto wa chanjo anahitaji jina na avenyu. Matokeo ya kipimo ya mama hayamuhusu.

Kuna wakati usalama wa wote unatangulia. Kwa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, kila aliyemgusa mgonjwa alipashwa kufuatwa siku 21. Majina yalipashwa kufika kwa timu ya ufuatiliaji. Hata hapo, orodha kama ile ni ya timu, si ya kutumwa ku WhatsApp ya kartiye.

Kwa aliyebakwa, haraka na siri vinaenda pamoja. Afike kituoni kabla ya masaa 72 ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Sida. Hapashwi kupitia kwa shefu kwanza, wala kueleza kisa chake mlangoni mbele ya watu. Akiwa mtu mzima, aulizwe kama anakubali habari yake ipelekwe kwa polisi au kwa mwanasheria.

Mgonjwa naye iko na haki ya kuuliza: «Nani atasoma hii fishi?» Anaweza kuomba kusemea pembeni, na kukataa kupigwa picha. Siri ikitoka, aanzie kwa muuguzi mkuu wa kituo. Asiposikilizwa, aende ku biro ya zone ya afya, ao ku parke.

Na sisi wengine ku robine? Tukisikia ugonjwa wa jirani, tusiupeleke mbele. Pengine dawa zake zinategemea kimya chetu.