Kipandauso: kwa nini mwanga unaumiza, na mboni inatuambia nini



Jua la huku mnalijua. Miezi ya joto, saa nne asubuhi tu kutazama nje ni tabu, majumba karibu yote meupe na vioo vya magari vinakurudishia jua usoni. Kwa mwenye kipandauso hiyo ni adhabu. Anafunga mapazia, anajifunika mtandio, na watu wa nyumbani wanasema anadeka au ana jini. Hadeki. Lakini vile vile si kila kichwa kinachouma pamoja na jicho ni kipandauso, na hili la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Tuanze na mboni, lile tundu jeusi katikati ya jicho. Mwanga ukizidi linabana, ukipungua linatanuka. Ukimulika jicho moja, zote mbili zinabana pamoja, kwa sababu amri inatoka kwenye ubongo. Wengi hudhani mwenye kipandauso anaumia kwa kuwa mboni zake hazibani sawasawa na mwanga unaingia mwingi. Sivyo. Watafiti wamepima kwa mashine na kukuta tofauti ndogo ndogo kwa baadhi yao, ila kwa macho ya kawaida huzioni, na hakuna daktari anayetambua kipandauso kwa kutazama mboni.

Maumivu yanatoka ndani zaidi. Mwaka 2010 Rami Burstein na wenzake huko Boston, Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya vipofu 20 wenye kipandauso. Wale wasiohisi mwanga hata kidogo, taa haikuwaongezea maumivu. Wale wasioona sura za vitu lakini wanaojua kama taa inawaka, kichwa kilizidi kuuma. Maana yake ni kwamba ndani ya jicho zipo seli ambazo kazi yake si kuona vitu, bali kuuarifu ubongo kuna mwanga kiasi gani. Habari zake zinafika mahali ndani ya ubongo ambapo maumivu ya kichwa nayo yanapita, na hapo vinachanganyika. Basi usimwambie mtu "fumba macho tu". Mwaka 2016 watu hao hao wa Boston waligundua kuwa mwanga wa kijani unaumiza kidogo kuliko rangi nyengine, khasa ukiwa hafifu.

Miwani ya jua ivae nje. Ndani ya nyumba ivue, kwa sababu macho yakizoea giza kutwa nzima, mwanga wa kawaida nao utakuwa mkali. Taa za tyubu zinazochezacheza zibadilisheni, gharama yake si kubwa.

Sasa sikilizeni. Kuna presha ya macho ya ghafla. Jicho moja linakuwa jekundu na kuuma sana, kichwa upande huo kinauma, mtu anatapika, anaona pete za rangi kuzunguka taa. Ukiangalia, mboni ya jicho hilo imetanuka kiasi na haibani kwa mwanga. Familia inasema "kipandauso chake hicho", inamlaza gizani, na giza linaitanua mboni na kuzidisha hali. Jicho linaweza kupofuka kwa muda wa saa chache. Na wanaotumia topiramate, dawa ya kuzuia kipandauso, wajue kuwa kwa watu wachache dawa yenyewe inaleta presha hiyo, aghlabu katika mwezi wa mwanzo. Ukianza kuona ukungu na macho kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo jengine ni mboni moja kuwa kubwa, kope limeanguka na mtu anaona vitu viwili viwili. Huo unaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa na kuukandamiza mshipa wa fahamu wa jicho. Kinyume chake, mboni ndogo na kope kushuka pamoja na maumivu ya shingo, huenda mshipa mkubwa wa shingoni umechanika kwa ndani. Na mwanga ukiuma pamoja na homa na shingo ngumu, fikiria homa ya uti wa mgongo.

Msitishike bure lakini. Karibu mtu mmoja katika watano ana mboni zilizotofautiana kidogo tangu zamani, na hana ugonjwa. Chukua picha yake ya zamani, ya harusi kwa mfano, ikuze kwenye simu ulinganishe. Sisi wauguzi tumeona pia mtoto wa pumu mboni moja imekuwa kubwa kwa sababu mvuke wa dawa ulivuja pembeni mwa barakoa ukaingia jichoni.

Kumtazama mgonjwa hakuhitaji kumchoma na tochi. Mkalishe kwenye mwanga mdogo, mwambie atazame mbali, linganisha kulia na kushoto. Zikiwa sawa na hali ni ile ile aliyoizoea, mpe dawa yake mapema na umwache apumzike. Zikiwa hazilingani na hazikuwa hivyo kabla, au kichwa kimempiga ghafla kuliko siku zote, usingoje asubuhi. Hapa Oman nambari ya dharura ni 9999.