Je, Wajua? Sheria Iliyojaza Paneli Mapaani

Tarehe 1 Aprili 2000, sheria mpya ya nishati jadidifu ilianza kutumika Ujerumani. Walioipigania bungeni ni pamoja na Hermann Scheer na Hans-Josef Fell. Yeyote aliyezalisha umeme wa jua, hata mkulima mwenye banda la ng'ombe, alihakikishiwa mnunuzi na bei isiyoyumba kwa miaka 20: pfennig (senti za Ujerumani za wakati huo) 99 kwa uniti, zaidi ya mara tatu ya bei ya umeme wa majumbani. Mkulima alikwenda benki na hesabu hiyo mkononi, akapata mkopo, akafunika paa zima kwa paneli.

Mzigo waliubeba wateja, kidogo kidogo kwenye ankara zao, na wengi walilalamika. Lakini soko lilipanuka, viwanda vya China vikaongeza uzalishaji, bei ya paneli ikaporomoka. Anayenunua paneli Kariakoo leo anafaidi fedha walizotoa Wajerumani wale, na wanastahili shukrani. Nchi nyingi ziliiga mfumo huo wa bei ya uhakika. Kenya ilipitisha sera yake mwaka 2008.

Katika Ujerumani yenyewe, sehemu ya umeme unaotokana na nishati jadidifu ilipanda kutoka takriban asilimia 6 mwaka 2000 hadi zaidi ya nusu mwaka 2023.