Cherehani ya Mama Haiuzwi kwa Kilo

Katika nyumba nyingi za Misikhu na vijiji vilivyo kando ya barabara kuu ya kutoka Webuye kwenda Kitale, kuna chombo ambacho watoto hukatazwa kukichezea hata kabla hawajajua kusoma. Ni cherehani ya mama. Hufunikwa kwa kitambaa safi, na baba mwenyewe akithubutu kuweka kofia yake juu yake, huulizwa kama amekosa mahali pengine.

Mama msomaji, kama unashona nyumbani, unaelewa vizuri. Fundi wa sokoni hubadilisha mashine kama mtu abadilishaye shati, lakini wewe umeizoea yako. Unaujua mlio wake ukiwa mzima na unaujua ukiwa na kasoro. Na kama unazo mbili, Singer ya kurithi na Butterfly uliyonunua kwa jasho lako, unajua ipi ni ya sare za shule na ipi ni ya vitambaa laini.

Zilikotoka
Mmarekani Isaac Singer alipewa hataza ya mashine yake mwaka 1851, na muda si mrefu kampuni yake ikaanza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo ili watu wa kawaida nao wazipate. Itazame namba iliyopigwa kwenye chuma cha Singer yako. Ikianza na herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, basi huenda ilitengenezwa Clydebank, Scotland, mwaka 1935 au baadaye. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980, lakini mashine zake bado zinashona. Butterfly nayo ni ya Shanghai, China, na umbo lake linafanana sana na Singer za zamani.

Mitumba ilipokuja
Miaka ya 1990 mitumba ilifurika masokoni, na washonaji wengi wakapoteza wateja. Nani angeshonesha gauni ilhali lililo tayari linauzwa kwa bei ya kutupa? Lakini mitumba hiyo hiyo ilileta kazi nyingine: suruali ya kupunguzwa kiuno, zipu ya kubadilishwa, koti la mtu mzima la kugeuzwa kuwa la mtoto. Ongeza sare za shule kila Januari, na utaona kwa nini cherehani haijastaafu.

Itunze ikutunze
Tia mafuta ya cherehani, matone machache tu, kwenye vitundu vyake. Usitie mafuta ya kupikia, kwani hukauka yakaganda kama gundi. Fungua sehemu ya bobini na uondoe vumbi la nyuzi kwa brashi ndogo.

Sindano ikiwa butu au imepinda, itaruka mishono. Badilisha. Kwa pamba ya kawaida tumia namba 14; kwa jinzi tumia 16 au 18.

Nyuzi zikijiviringa chini ya kitambaa, wengi huilaumu bobini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi haukupita vizuri kwenye visahani vya kukazia. Inua mguu wa kubania kitambaa, utoe uzi wote, kisha uupitishe upya.

Mwisho, kabla ya kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako. Likienda kinyume, uzi hukatika.

Usikimbilie kuuza
Siku hizi wanunuzi wa chuma chakavu hupita hadi mlangoni na mizani yao. Pengine mtoto wako aliye mjini naye anakuambia umpe mnunuzi huyo mzigo huo, atakuletea mashine ndogo ya umeme. Usimkasirikie, anakutakia mema. Mashine ya umeme ina faida zake: hushona zigizaga na matundu ya vifungo, kazi ambazo cherehani nyingi za zamani haziwezi. Lakini umeme ukipotea, inanyamaza. Na nyingi kati ya zile nyepesi hulemewa na jinzi iliyokunjwa mara nne, kazi ambayo chuma chako cha kusubu huifanya bila kulalamika.

Kwa hiyo pokea ya umeme kwa shukrani, ila ya zamani ibaki mahali pake. Kwenye mizani hiyo italipwa kama jembe bovu. Ukiiacha nyumbani, itakata gharama ya sare na kumpa binti au mvulana wako ujuzi wa kujitegemea. Kama hajawahi kukalia kiti chako, mwite Jumamosi hii. Mpe kipande cha kitambaa kisicho na kazi, toa uzi kwenye sindano, umwache ajifunze kukanyaga. Mshono ulionyooka utakuja wenyewe.